Nilimtangaza mchangia damu kwenye foleni ya maji, sasa mtaa umegoma

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Ng'ambo hapa Tabora mjini, nauza vitenge. Nakuandikia kwa sababu nimeharibu kitu nilichokipenda sana na sijui kama kinatengenezeka.

Mwaka juzi mdogo wangu alijifungua, kondo lilipotoka damu ikawa haikatiki. Mimi na mama tulikuwa kwenye benchi nje ya wodi, tukaona nesi anapita na chupa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilijitolea siku ileile, wakanitoboa kidole, tone langu likagoma kuzama kwenye yale maji ya bluu. Wingi wa damu haujafika, wakasema. Kwa hiyo damu iliyomrudisha mdogo wangu ni ya watu ambao hatutawajua mpaka tunakufa. Nilitoka pale nimeweka nadhiri.

Kikundi chetu cha vikoba kina wanawake 26. Niliwasimulia, wakakubali. Tulimwona mwenyekiti wa mtaa, tukawaomba watu wa Damu Salama, wale wa mpango wa taifa wa kukusanya damu, wakaja na vitanda vyao vya kukunja nasi tukafunga turubai chini ya mwembe karibu na ofisi ya mtaa. Mara ya kwanza walijitokeza watu wachache, mara ya pili wakaongezeka, na mwezi wa tatu mwaka huu tukaandikisha watu 38. Jirani yetu mmoja mwenye bajaji alitubebea viti bila kuchukua hata shilingi, tena akalala kitandani yeye wa kwanza ili vijana wa kijiweni kwake wasiogope sindano. Huyo ndiye niliyemkosea.

Daftari la majina na namba za simu lilikuwa kwangu. Wiki tatu baada ya zoezi, kijana mmoja wa kujitolea aliyekuja kusaidia siku ile akanipigia. "Dada, yule mwenye bajaji simu yake haipatikani. Mwambie aende akaonane na mshauri." Hakusema zaidi na mimi sikuuliza. Kesho yake asubuhi niko kwenye foleni ya maji, nikamwona mke wake ndoo tatu mbele yangu. Nikapaza sauti nikasema mzee anatafutwa na wale waliochukua damu, aende haraka. Foleni nzima ikanyamaza. Shangazi, palepale nikajua nimefanya nini.

Kufika jioni mtaa ulikuwa umeshampa ugonjwa. Mke alimuuliza, yeye akahamaki, wakagombana, na sasa analala kwa kaka yake Ipuli. Mke alinijia usiku analia, ananiomba nimwambie ninachokijua. Sijui chochote! Hakuniamini.

Tumepanga zoezi lingine Juni 14, Siku ya Wachangia Damu Duniani. Waliobaki kwenye orodha ni 11. Wengine wananiambia wazi, "Tukitoa damu mtatutangaza." Kuna na mzee mmoja anayepita akisema damu yenyewe inauzwa, kwa sababu yeye alishatoa mara mbili kwenye turubai letu, halafu ndugu yake alipolazwa wakaambiwa walete watu wa kutoa damu.

Ndani ya kikundi katibu anapendekeza majibu ya vipimo yawe yanapitia kwetu viongozi kwanza, ili tujue namna ya kumfikia mtu kwa utaratibu. Mwingine anataka tutafute majibu ya yule bwana, tukisikia ni mzima tutangaze kwa kipaza sauti umbea uishe. Mimi naona niache tu. Isitoshe, mimi mwenyewe hata chupa moja sijawahi kutoa. Nifanyeje?

Mama wa vitenge, Ng'ambo, Tabora

*

Marahaba mwanangu, na pole.

Zoezi la Juni liweke kando kwanza. Kuna mtu halali nyumbani kwake kwa sababu ya maneno yako, na huyo ndiye wa kwanza. Nenda kwake wewe mwenyewe. Usiende na katibu, usimtume mwenyekiti wa mtaa akupelekee salamu, na usimfuate kijiweni mbele ya wenzake. Mwambie kama ulivyoniambia mimi: ulipewa ujumbe wake, ukausema hadharani, na haikuwa haki yako. Usianze na nia yako njema, maana hapo utakuwa umemgeuza yeye akubembeleze wewe. Usimuulize kama alikwenda. Usimuulize aliambiwa nini. Akikufukuza, ondoka bila kujitetea, umeshasema lililokupeleka. Akikusikiliza, ongeza moja tu: kama bado hajaonana na mshauri, aende, kwa ajili ya afya yake, na aamue mwenyewe aende na nani.

Kwa mkewe nenda siku nyingine. Hakukuamini usiku ule kwa sababu ulisema hujui na ukaishia hapo. Safari hii kaa chini umweleze kazi ya damu inavyokwenda baada ya kuondoka chini ya mwembe.

Kila chupa, kabla haijamfikia mgonjwa, hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende, pamoja na kundi lake. Kipimo cha awali kwenye benki ya damu kinatakiwa kiwe kikali kuliko huruma: kikitilia shaka hata kidogo, chupa haitumiki, na mwenye damu anaitwa apimwe upya. Wapo walioitwa, wakapimwa tena, wakakutwa hawana kitu. Wapo wanaokutwa na homa ya ini B waliyoipata kwa mama zao siku ya kuzaliwa, wakaishi nayo miaka 30 bila kuumwa hata siku moja. Kaswende inatibiwa kwa sindano ya penisilini. Aliye na VVU akianza dawa mapema anaona wajukuu. Nimeyataja yote haya makusudi, na wewe ukimweleza yataje yote, asije akabaki na moja la kumkosesha usingizi. Foleni yenu ya maji ilichagua moja kwa sababu ndilo inaloliogopa zaidi. Wewe hujui, mimi sijui, foleni haijui.

Nimefanya unesi wodi ya wazazi miaka mingi, kwa hiyo naijua ile benchi mliyokalia na mama yako. Ndiyo maana yanayofuata nayasema kwa ukali kidogo.

Pendekezo la katibu likataeni, na mlikatae kikao kijacho bila kuliahirisha. Najua ametoa kwa wema. Lakini siku majibu ya watu yatakapopitia mikononi mwa majirani, damu itakayotoka chini ya mwembe wenu haitakuwa salama tena, na hapa ndipo wengi wetu hatupaelewi. Tunadhani siri inamlinda mchangiaji peke yake. Inamlinda na mgonjwa.

Maabara haioni kila kitu. Mtu akipata maambukizi leo, kuna kipindi ambacho virusi viko kwenye damu yake lakini kipimo bado hakijavikamata. Anaonekana mzima, na damu yake inaambukiza. Kitu kinachomzuia mtu wa namna hiyo asitoe damu ni yale maswali ya dodoso anayoulizwa kabla ya sindano: mwenendo wake wa miezi ya karibuni, wapenzi alionao, sindano, chale, dawa anazotumia, homa aliyougua. Maswali hayo yana maana pale tu anayeulizwa anapojibu kweli.

Sasa mfikirie baba mmoja wa mtaa wenu, mtu wa heshima, msikitini anajulikana, au kanisani ni mzee wa jumuiya. Mwezi uliopita aliteleza. Kipaza sauti kimemwita kwa jina, wanawake 26 wa vikoba wanamtazama, na meza ya pili amekaa shoga wa mke wake anaandika majina. Nesi anamuuliza, "Je, umekuwa na mpenzi mwingine?" Atajibu nini? Atasema hapana, atalala kitandani, atatoa mililita 450, atapewa soda na mtampigia makofi. Chupa yake ikipenya kipindi kile ambacho kipimo hakioni, itaishia kwa mtoto wa miaka miwili aliyeishiwa damu kwa malaria. Kwa hiyo mwanangu, ukiacha vile vipimo vinne vya maabara, siri ndicho kipimo cha tano, na hicho kiko mikononi mwenu nyinyi wenye turubai. Ulipopaza sauti kwenye foleni ya maji ulikiharibu, na hao wanaokwambia "mtatutangaza" wamekuonyesha mahali hasa kilipoharibika. Usiwaone wakorofi.

La kutafuta majibu ya yule bwana na kuyatangaza ni baya zaidi. Kwanza hakuna mtu mwenye haki ya kuwapa. Pili, tuseme mtangaze leo kwamba fulani ni mzima. Mwakani akiitwa mwingine, mkanyamaza, mtakuwa mmemtangaza huyo pia. Kwa wanawake wa foleni sema mara moja tu, wakiwa wamekusanyika kama siku ile: "Nilikosea kusema vile, na sijui jambo lolote la mtu yeyote." Ukichokozwa tena, jaza ndoo yako uondoke.

Daftari lako lipeleke kwa viongozi wa timu ya Damu Salama, na lisibaki nakala kwenye simu yako wala kwa katibu. Zoezi lijalo kuandikisha, kuuliza na kupima viwe vya wataalamu, ndani ya pazia au umbali ambao sauti haifiki. Nyinyi shikeni turubai, viti, maji ya kunywa, soda na kuita watu. Si kazi ndogo hiyo. Bila nyinyi wale wataalamu wangekaa na vitanda vyao vitupu. Mchangiaji mwenyewe aulizwe na timu apatikane kwa namba ipi na saa ngapi, na kama simu hiyo hushikwa na mwingine nyumbani. Mweleze pia kiongozi wa timu habari ya yule kijana aliyekupigia, bila kumchongea. Naye ni wa kujitolea kama wewe, yaelekea alitaka kusaidia kama wewe. Kinachotakiwa ni ujumbe wa mchangiaji usipitie kwa jirani hata siku moja, hata simu isipopatikana mwezi mzima.

Acheni na kuwataja watu majina kwa kipaza sauti. Na mtu akiingia ndani ya pazia akatoka bila kutoa, asiulizwe kitu. Sababu za kurudishwa ni nyingi: kilo hazijafika 50, umri haujafika miaka 18, presha imepanda, anatumia dawa, ana ujauzito, ananyonyesha, wingi wa damu haujafika gramu 12.5 kwa desilita kama wewe, au hajala tangu asubuhi. Apewe soda ileile, akae benchi lilelile, muda uleule. Anayewatazama kutoka barabarani asiweze kujua nani ametoa na nani amerudishwa. Hapo yule baba niliyekusimulia atapata mlango wa kutokea na heshima yake, na mtoto wa watu atapona.

Kuna jambo lingine ambalo Tabora mnalo na wengi hawana. Kituo cha Damu Salama cha Kanda ya Magharibi kiko mjini kwenu. Kila mchangiaji ana haki ya kujua majibu yake. Zungumzeni na wahusika muone kama wachangiaji wenu wote wanaweza kupangiwa muda, kila mmoja aende kwa nafasi yake kuchukua majibu na kujua kundi lake. Jirani yako aliumbuka kwa sababu ni yeye peke yake aliyeonekana kuitwa. Mtaa ukizoea kwamba kila aliyetoa damu hurudi, anayerudi hatamgeuza mtu shingo.

Yule mzee usimwite mwongo. Kilichompata kweli kinauma, amekielewa vibaya tu. Damu haiuzwi, na mchangiaji halipwi. Lakini chupa ya damu ikiwa kwenye friji, na dawa yake ya kuzuia isigande, hukaa siku 35 tu. Mweleze kwa lugha ya vikoba: hii haifanani na hisa unazoweka ukagawana mwisho wa mwaka. Ile aliyotoa mwezi wa tatu ilishaingia kwa mtu mwingine zamani, pengine mama mjamzito, pengine mtoto wa selimundu. Ndugu yake alipolazwa friji ilikuwa na upungufu, ndipo wakaombwa watu. Dawa ya jambo hilo ni chupa kuwepo kila mwezi, na ndiyo kazi mliyoianza. Ila kama kuna mtu aliyewadai fedha ili wapewe damu, hiyo ni habari nyingine kabisa. Waende kwa mganga mfawidhi wa hospitali husika, na ikibidi TAKUKURU.

Hapo nikuongezee kitu kuhusu kalenda yenu. Juni 14 ni siku nzuri, magari ya matangazo yanapita na kila mtu anakumbuka. Lakini Tabora ni mji wa shule, na sehemu kubwa ya damu inayokusanywa nchini hutoka kwa wanafunzi waliofikisha miaka 18. Shule zikifungwa, friji zinapwaya. Likizo ya Desemba inawakuta mvua zimeshaanza, mbu wamezaliana, na watoto wa chini ya miaka mitano wanaanza kuletwa wodini viganja vyeupe kama karatasi. Kwa hiyo mkiweza kufanya zoezi moja tu kubwa kwa mwaka, nawasihi liwe la kipindi hicho. Angalieni tu Ramadhani isiwakute. Aliyefunga asitoe damu mchana, mpangieni jioni akishafuturu na kunywa maji ya kutosha. Na wale wa mara kwa mara waambieni wanaume hurudia baada ya miezi mitatu, wanawake baada ya minne.

Sasa wewe na hilo la "sijawahi kutoa". Hujamwibia mtu. Ila tone kutozama wakati wewe si mgonjwa ni jambo la kufuatilia, na naona umelipita haraka. Nenda kituo cha afya upime wingi wa damu, na umweleze daktari hedhi yako ikoje, maana wanawake wengi hupoteza damu nyingi kila mwezi wakadhani ni kawaida yao. Wakikupa vidonge vya madini ya chuma, vimalize. Kula maharage, matembele, dagaa, na maini ukiyapata, ufuatishe chungwa au embe, nanyi embe mnazo kuliko mkoa wowote ninaoujua. Chai iache isubiri saa moja baada ya chakula, inazuia madini hayo yasiingie mwilini. Wingi wa damu ukipanda, utatoa. Usipopanda, endelea kubeba turubai.

Usiache. Mkifanya Juni 14 na watu 11, fanyeni na hao 11. Mdogo wako alitumia chupa tatu. Hizo 11 zinakaribia kuwatosha wanawake wanne kama yeye. Kabla ya siku hiyo simama mbele ya kikundi, useme ulichokosea na utaratibu mpya ni upi, bila kumtaja jirani yako wala kutaja bajaji, maana Ng'ambo yote inajua bajaji ni ya nani.

Na viti vya siku hiyo tafuta usafiri mwingine, mlipe. Usimwombe yeye. Isipokuwa kama asubuhi ile atapita mwenyewe na kuuliza viti viko wapi, basi mwonyeshe.

Shangazi yako